Fundi Eliudi Nkya na Tanki Alilokataa Kulisaini

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Fundi Eliudi Nkya anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Maziwa Mlimani kwa miaka thelathini na mitatu. Alianza kazi Julai 1992, akiwa na miaka ishirini na saba na nywele zote kichwani. Kazi yake, kwa maneno machache, imekuwa kuhakikisha kwamba hakuna anayepigwa shoti kazini. Kila baada ya miezi mitatu amezunguka kiwandani hapa Moshi na kwenye vituo vyetu vitatu vya kupokelea maziwa huko juu, akikagua kila kitu chenye waya, kuanzia matanki ya kupoozea hadi jagi la chai la ofisini. Kilichofaulu anakibandika karatasi ya kijani. Kilichofeli anakibandika nyekundu, na hapo hakuna mjadala.

Mimi nilimfahamu kwa ugomvi. Mwaka 2013 nilikuwa na jagi langu la umeme, zawadi ya dada yangu kutoka Holili. Waya wake ulichubuka, nikaufunga vizuri kabisa kwa solotepu. Fundi Eliudi aliutazama, akatoa koleo, akakata plagi mbele ya macho yangu, akaenda zake. Sikumwamkia kwa siku nne, na yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo mnaweza kukadiria hasira yangu. Siku ya tano nilikuta jagi mezani lina waya mpya na karatasi ya kijani. Shikamoo ikarudi.

Wengine wana ya kwao. Mke wake, Mama Aikaeli, anasema hata pasi ya nyumbani ina karatasi ya kijani yenye tarehe. Kwenye harusi moja kule Sanya Juu Fundi aliinuka na sahani ya ndafu mkononi, akaenda kuchomoa ekstensheni iliyolala kwenye dimbwi nyuma ya hema. Muziki ulikatika maharusi wakiwa katikati ya kukata keki. MC alilalamika sana. Fundi aliendelea kula.

Hakuwa hivi tangu mwanzo, na yeye mwenyewe ameniomba niliandike jambo hili, la sivyo nisiandike lolote. Miaka ile ya kwanza alikagua kama mafundi wengi walivyokagua. Aliangalia kama mashine inafanya kazi, akaigusa kwa mgongo wa mkono, na asiposikia kitu aliandika "Salama" kwenye daftari akasaini.

Mwezi Aprili 2006, siku ya mvua, Mama Priska Lema, mkulima mwenye ng'ombe wawili, alileta maziwa kwenye kituo chetu cha juu kabisa. Alivaa ndala zilizolowa. Alipogusa ukingo wa tanki, umeme ulimrusha hadi mlangoni. Alizinduka hospitalini, na mkono wake wa kulia ulikaa miezi mitano bila nguvu ya kukamua. Siku tisa kabla ya hapo tanki lile lilikuwa limeandikwa "Salama".

Kilichotokea kilikuwa rahisi. Waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja ili usimpitie mtu, ulipita nje ya kituo katikati ya migomba. Mlinzi alikuwa amekata kipande akafungia mzigo wa majani ya ng'ombe. Tanki liliendelea kupoza, kwa hiyo hakuona kama ameharibu kitu. Baadaye mota ikaanza kuvujisha umeme. Wafanyakazi wote huvaa gambuti, na gambuti za mpira huzuia umeme, kwa hiyo hakuna aliyesikia chochote. Fundi Eliudi naye alikuwa na gambuti alipogusa.

Kwenye kikao cha uchunguzi kila mtu alikuwa ameshamgeukia mlinzi. Fundi Eliudi akasimama, akasema waya ule ulikuwa umekatwa karibu mwaka mzima, na yeye alisaini mara nne bila hata kuzunguka nyuma ya jengo. Vifaa vyake alikuwa ameshavifungasha. Meneja wa wakati ule, Mama Hilaria, alimpa barua ya onyo, kisha akaagiza anunuliwe mita ya kupimia.

Adhabu nyingine alijipa mwenyewe. Kwa miezi mitano alipanda kwa Mama Priska kila alfajiri kabla ya kazi, akamkamulia ng'ombe. Majirani walimcheka sana, na ng'ombe mmoja alimpiga teke la gotini ambalo bado analitaja siku za baridi. Tangu hapo hajasaini kitu ambacho hajakipima, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyepigwa shoti mahali petu popote.

Kwa miaka sita ameomba tanki jipya kwa ajili ya kituo kile cha juu. Limefika mwezi huu. Tulipanga lizinduliwe leo, kwenye sherehe hii hii: Mama Priska amimine ndoo ya kwanza, na Fundi Eliudi aweke sahihi yake ya mwisho. Alilingoja jambo hilo kuliko zawadi yoyote, na hakuficha.

Alhamisi iliyopita alipima ethi ya tanki hilo. Mita ilikataa. Mafundi waliolifunga waliapa kwamba chuma cha ethi kimezama chote. Fundi Eliudi aliomba jembe, akachimba mwenyewe. Chuma kilikuwa kimegonga mwamba, wakakikata kwa juu kwa msumeno, na kilichobaki ardhini hakikufika magotini. Kuchimba mahali pengine na kupima upya kunahitaji wiki mbili. Meneja wetu, Bwana Hosea, alimsihi: wageni wameshaalikwa, tanki liwashwe saa moja tu, kisha lizimwe. Fundi Eliudi alikataa. Kisha alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafuta macho kwa kofia yake. Nilikuwepo, na iliniuma.

Kwa hiyo leo hakuna uzinduzi. Tanki litawashwa tarehe 12 Julai likifaulu, na atakayesaini ni Hellen, fundi ambaye Mzee Eliudi amemfundisha kwa miaka minne. Sahihi ya mwisho ya Mzee Eliudi daftarini iko chini ya maneno haya: "Halijafaulu. Lisiwashwe."

Fundi Eliudi, asante kwa kila karatasi nyekundu, na kwa jagi langu, ambalo bado linachemsha. Nenda kapumzike kwenye kahawa na migomba yako, ukae na Mama Aikaeli kwa afya na furaha, na goti lisikusumbue.

Jana nilimpigia Mama Priska kumweleza kwa nini tumeahirisha. Aliniuliza ni nani aliyelikataa tanki. Nikamwambia. Akasema nikufikishie salamu: tarehe 12 atakuja na maziwa yake, na atakuja amevaa ndala.

Doris Mosha
Mapokezi ya Maziwa