Siku Niliyokataa Kusaini

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha watu wa nyumbani huku China, wa kusema amina na wa kusema alhamdulillahi, nawasalimu wote. Mwenyekiti kanipa dakika kumi. Mimi mwalimu, dakika kumi kwangu ni za kuita majina tu. Nitajitahidi.

Nilipomaliza masomo hapa Guangzhou nilikuwa na shahada ya ualimu na miaka minne ya kufundisha sekondari kule Iringa. Wakala mmoja akanitafutia kazi ya Kiingereza kwenye shule ya chekechea. Akaniambia, "Mshahara mzuri, kibali cha kazi kipo, nyumba ipo. Una swali?"

Nikajibu sina.

Nawaambia ukweli, maswali nilikuwa nayo tele. Lakini shule tano zilishanikataa kwa kuangalia picha yangu tu, na hii ya sita imekubali. Shukrani ikanifunga mdomo. Nikasaini kurasa nzima za Kichina, mimi ambaye Kichina cha kuongea ninacho, ila cha kusoma kinanipiga chenga.

Hiyo nyumba sasa. Ilikuwa chumba juu ya jiko la shule, na humo ndimo yalimokuwa yakihifadhiwa magodoro ya watoto. Watoto wa huku hulala mchana. Kwa hiyo kila siku saa sita walezi wanaingia chumbani kwangu kuchukua magodoro, saa nane wanayarudisha, na nguo zangu za ndani zimeanikwa pale pale dirishani. Nilipouliza, nikaambiwa mkataba unaruhusu. Na kweli, uliruhusu. Kodi ya chumba hicho nayo ilikuwa inakatwa kwenye mshahara wangu.

Nikavumilia. Jumamosi moja niko ndani, nimejifunga kanga, kichwa kimejaa povu la sabuni, naosha nywele kwenye beseni. Mlango ukafunguliwa. Naibu mkuu wa shule alikuwa anawatembeza wazazi wapya. Hakufunga mlango! Akasema kwa furaha kabisa, "Na huyu ndiye mwalimu wetu wa Kiingereza."

Mnacheka. Chekeni, sasa hivi na mimi nacheka. Siku ile nilikaa chini nikalia mpaka povu likanikaukia kichwani. Nyumbani wanajua binti yao ni mwalimu ng'ambo.

Wiki chache baadaye, mwenzangu wa kazi, kijana kutoka Ulaya ambaye hajawahi kusomea ualimu, alinionyesha mkataba wake tukiwa tunakula. Hakuwa na ubaya. Alidhani mimi ndiye ninayelipwa zaidi. Mshahara wake ulikaribia mara mbili ya wangu, na nyumba ya bure juu yake. Chakula kikanishinda.

Wakati huo mama mmoja wa humu humu, simtaji, atajijua kwa anavyojificha nyuma ya mtandio, aliniomba niende naye Shiling, kule kwenye viwanda vya mikoba, kumkalimania. Alikuwa ananunua mikoba. Siku nzima mwenye kiwanda anasema "meiyou," yaani hakuna, bei hiyo hakuna. Mama yuko kimya. Anakunywa chai, anavuta mishono ya mkoba, anaweka chini, anachukua mwingine. Mwisho bei ikashuka. Kwenye basi la kurudi nikamsimulia habari ya magodoro. Akanigeukia.

"Mwanangu, leo umeitetea mikoba yangu tangu asubuhi. Wewe mwenyewe nani anakutetea?"

Nikamwambia nikidai nitaambiwa meiyou.

"Meiyou ya mtu isikuogopeshe," akasema. "Ukishasema unalotaka, nyamaza. Wanaoharibu biashara ni wanaojibu haraka."

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Nikampelekea rafiki yetu anayesoma sheria, akanisomea mstari kwa mstari. Kisha nikaingia kwa mkuu wa shule na mambo matatu: nilipwe sawa na mwenzangu, nipate nyumba nje ya shule, na mkataba uwe wa lugha mbili.

Mkuu akatabasamu. "Meiyou. Halafu, mwalimu, wazazi wanapenda mzungu."

Liliniuma, sitaki kudanganya. Nikasema, "Wazazi hao hao wameandikisha watoto darasani kwangu mpaka mmeongeza viti. Kwa masharti ya zamani sitasaini." Nikanyamaza.

Ndugu zangu, kimya kile! Nakunywa chai kama bibi harusi. Mkuu akatoka, akarudi. Akasema ataongeza mshahara, lakini chumba kibaki. Nikasema nyumba kwanza. Akatoka tena.

Sikupata vyote. Mshahara ulipanda, ukabaki chini kidogo ya ule wa mwenzangu, ila tuliandikiana kwamba baada ya muhula mmoja tutalingana, na tulilingana. Mkataba wa lugha mbili walikubali, na nyumba ya nje pia, ila nilikataa kusaini kabla ya kuiona. Nikaenda, nikafungulia maji, nikawasha jiko, nikajifungia ndani kwa ufunguo nikasimama tu. Naibu mkuu akagonga, "Mwalimu, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna, najaribu mlango.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama, na mwanasheria wetu mtarajiwa aliyekataa hata nauli, na mwenzangu aliyeniruhusu kusoma mkataba wake, maana wengi huficha. Nanyi mlionilaza majumbani mwenu mwisho wa juma, nilipokuwa sitaki kurudi kule juu ya jiko, sijasahau hata mmoja.

Nilichojifunza ni hiki: kushukuru kazi hakukuzuii kuuliza. Uliza kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya hapo utakuwa unalalamika tu. Kuna wadogo zetu hapa wameshapata ofa za kufundisha, nawaona wameinamisha vichwa. Chai ikiletwa nitakaa meza ile ya dirishani. Njooni na mikataba yenu tuisome pamoja, na wewe uliyeambiwa usimwonyeshe mtu yeyote, njoo wa kwanza.