Mheshimiwa Bibi na Kesi ya Stoo

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Alhamisi, tarehe kumi na nne, mwezi wa nane. Asubuhi imeamka na mawingu mazito, na manyunyu yanapiga dirisha la studio yetu tangu alfajiri. Tumshukuru Mungu kwa pumzi. Jana alizikwa mwanamke aliyewachezesha watoto wa jengo zima. Alikufa chumba chake hakina mtoto hata mmoja.

Watoto walimwita Mheshimiwa Bibi. Majirani nao wakamwita hivyo hivyo, kwanza kwa utani, baadaye kwa kejeli.

Kabla ya kustaafu alikuwa msafishaji wa mahakama. Alipiga deki nje ya vyumba vya kesi mpaka magoti yakakataa. Alipotulia nyumbani, akina mama wa jengo lao wakaanza kumwachia watoto wakienda kazini. Chumba kilikuwa kimoja, cha ghorofa ya chini: kitanda, jiko, viti vidogo vya plastiki. Televisheni hakuna. Uwanja hakuna. Na yeyote aliyewahi kushinda na watoto wa watu anaijua ile saa ya jioni, mvua inanyesha, wamechoka, wana njaa, na mmoja ameshamng'ata mwenzake.

Saa hiyo Mheshimiwa Bibi alifungua mahakama. Alijitupia pazia kuukuu mabegani, akagonga meza kwa mwiko.

"Mahakama kimya! Nani ana kesi?"

Mdogo wake anaikumbuka kesi ya biskuti. "Mshtakiwa alikuwa kibonge mmoja, ana makombo mpaka kwenye nyusi," anasema. "Dada akamuuliza, 'Unakubali kosa au unakana?' Akajibu, 'Nakubali, Mheshimiwa, lakini ilikuwa tamu.' Dada alicheka mpaka pazia likaanguka." Kibonge akahukumiwa kuruka kwa mguu mmoja hadi mlangoni na kurudi, huku anaimba. Aliyeibiwa biskuti naye akalilia ahukumiwe vilevile.

Mahakama ile ilikuwa na sheria moja. Anayesema hakatizwi. Hata akishikwa na kigugumizi, hata kamasi zikimtoka, anasubiriwa amalize. Ishikeni sheria hiyo, wasikilizaji wapendwa. Anayesema hakatizwi.

Kulikuwa na msichana wa miaka sita. Baba yake ni fundi umeme. Mama yake ni mshoni kiwandani. Mtoto huyu hakuwahi kumshtaki mtu. Alikaa kiti cha nyuma, ananyonya ukosi wa gauni lake, anawatazama wenzake. Jioni moja akanyoosha mkono.

"Unamshtaki nani, mjukuu wangu?"

"Stoo."

Wenzake wakaangua kicheko. Nani anashtaki stoo? Mwiko ukagonga meza.

"Imekukosea nini?"

"Inanifungia. Mlango wake una komeo kwa nje. Kuna giza, na kuna panya. Nikilia inachelewa kufunguka. Kwa hiyo silii."

Hakumtaja baba. Hakumtaja mtu yeyote. Aliishtaki stoo.

Mheshimiwa Bibi hakutoa hukumu. Aliweka mwiko chini, akasema kesi imeahirishwa, akampakata mtoto yule mpaka mama yake alipokuja.

"Mwanangu," akamwambia mama huyo pale mlangoni, "kwenu kuna stoo yenye komeo kwa nje?"

Mama akatazama viatu vyake. "Watoto wanaota, Mama. Usimsikilize sana."

Mheshimiwa Bibi aliomba, kisha akavaa viatu. Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Ofisa alimsikiliza nusu, nusu nyingine akaimalizia mwenyewe.

"Bibi, sasa mimi niandike nini? Kwamba mtoto ameishtaki stoo, mchezoni, mbele ya hakimu aliyevaa pazia?"

Ofisi nzima ikacheka. Hakuandika.

Habari zikafika jengoni kabla ya yeye kufika. Fundi akamfuata koridoni. Aliongea kwa upole, ila kwa sauti ya kusikika ghorofa zote.

"Mama, nilikulipa uwachezeshe watoto. Sikukulipa uwahoji."

Nani angebishana na fundi? Taa zikizima, ndiye anayeitwa kwenye ngazi, naye huja bila kinyongo, hataki hata soda. Jirani mmoja akasema, "Huyu bibi anawafundisha watoto umbeya." Mwingine akadakia, "Leo stoo, kesho atauliza tunalalaje." Wakawaondoa watoto mmoja mmoja, na kila mzazi alikuja na udhuru mtamu. Wakamgeuzia kisogo.

Chumba kikabaki na viti. Alivipangusa vumbi kila asubuhi. Akikutana na yule mtoto kwenye ngazi, mtoto aligeukia ukuta, maana alikatazwa hata kumwamkia. Mdogo wake alimsihi aombe radhi, yaishe.

"Niombe radhi kwa kosa la kusikia?" akamjibu. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yule mtoto yuko ndani. Mimi niko nje, nalalamikia nini?"

Alirudi ofisini. Wakacheka tena. Akarudi kwenye maombi yake, na kila siku alimtaja mtoto yule mbele za Mungu. Hivyo ndivyo ilivyopita miaka miwili, mpaka moyo wake uliposimama.

Msibani majirani walijaa. Misiba hatuikosi, wasikilizaji wapendwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyefunga taa za waombolezaji uani, na watu wakamsifu kwa moyo wake. Baada ya mazishi wakarudi wakakaa chini ya taa hizo, wakapokezana kusema kwamba marehemu alipenda watoto. Mdogo wake alivumilia mpaka akashindwa.

"Alipenda watoto, eh? Mbona mliwatoa mikononi mwake? Mlimpita mlangoni kama anauza ukoma. Leo mna machozi, mmeyatoa wapi?"

Watu wakakohoa. Mzee mmoja akasema, "Dada, tusichanganye mambo. Hapa ni msibani."

Ndipo akasimama mama wa yule mtoto.

Kabla ya kuwapa maneno yake, tunaipa pole familia ya marehemu, na zaidi mdogo wake, aliyeruhusu tuyaseme haya yote. Mungu ampumzishe dada yake. Nasi tujipime. Tunawakabidhi watu watoto wetu, tunawaambia wawachezeshe, watoto wasilie. Tukirudi tunauliza kama wamekula. Ni mara ngapi tunauliza wamesema nini? Na tukiambiwa, tunamsikiliza mtoto au tunamlinda jirani anayetutengenezea taa? Kila mmoja aombe juu ya hili, akiwa ameufunga mlango wake na hana wa kumsifu.

Mama yule alimshika mwanawe mkono. Mumewe alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, bado ana koleo mfukoni. Mama huyo akasema hivi, mbele ya watu wote:

"Mwanangu hakuwa anaota. Komeo lipo. Nililisikia likifungwa nikiwa jikoni, nikaongeza sauti ya redio. Leo hatulali kule, mimi na yeye. Na kesho asubuhi nakwenda ofisini kule walikomcheka Mama, niseme kwa kinywa changu mwenyewe. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu. Mkiniona narudi nyuma, nishikeni."