Risala ya Mafundi wa Ningu Kuhusu Kalibu Yetu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya shirika letu, shikamoo. Meza kuu yote, itifaki imezingatiwa, maana tangu asubuhi hakuna kazi nyingine iliyofanyika hapa.

UKARIBISHO

Sisi mafundi wa karakana hii ya boti, Ilemela, tunakukaribisha kwa mara ya pili. Umepita kwenye geti jipya lenye neno KARIBU na taa zinazowaka na kuzima. Tunaomba ulikumbuke geti hilo, tutalirudia.

HISTORIA

Ningu ni boti ndogo ya tanga, ya kutembelea na kufurahia ziwa, si ya kuvulia wala kubebea mihogo. Aliibuni fundi mkuu wetu, Mama Kokushubira, enzi ambazo watu walidhani faibaglasi ni ya matangi ya maji tu. Alichonga umbo la kwanza kwa mti wa mwembe, akawa analipapasa kwa kiganja mpaka akaridhika. Juu ya umbo hilo tukatengeneza kalibu, na kila Ningu imezaliwa humo: tunapaka nta, tunatandika nyuzi za glasi, tunazilowesha kwa gundi ya rezini, boti ikikauka tunaichomoa. Lile umbo la mwembe mchwa walishalimaliza, ndani ya stoo ambayo shirika liliahidi kuiezeka. Ikabaki kalibu, na mikono ya Mama Kokushubira, ambaye anastaafu Desemba.

MAFANIKIO

Ningu inajulikana kuanzia hapa hadi Nansio. Upepo ukiipiga inalala kidogo, inainuka, inaendelea na safari. Wengine wameiga rangi, wameiga matanga, lakini tumbo lake limewashinda. Mafanikio mengine yalitangazwa na ofisi yako, na sisi tuliyasikia redioni kama wananchi wengine.

CHANGAMOTO

Afisa itifaki wako, Bwana Chenge, aliisoma risala hii jana akatuambia, "Hapa mmeandika ufa. Ufa ni neno kali. Wekeni changamoto." Tumetii. Mgeni rasmi, kalibu yetu ina changamoto ndefu kama mkono, kuanzia kwenye mkuku, uti wa mgongo wa boti, hadi ubavu wa kushoto.

Ilipatikana hivi. Ulipokuja mara ya kwanza, jukwaa halikuletwa. Bwana Chenge akaiona kalibu, akaamuru ipinduliwe na kutandikwa zulia jekundu. Mama Kokushubira akasema, "Baba, hiyo haikanyagwi." Akaambiwa asimwaibishe mgeni. Ukapanda. Ukahutubia, tukavumilia. Kisha muziki ukapigwa nawe, Mheshimiwa, ukacheza. Ulicheza vizuri sana. Kalibu ilipolia kraa sisi tulisikia, wewe ulisikia makofi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeuziba. Samahani, tumeiziba changamoto, lakini kila boti sasa inatoka na nundu kushoto. Mteja wetu wa Nansio, Mama Modesta, aliirudisha yake akisema, "Hii boti mmeilewesha? Naielekeza Mwanza, yenyewe inataka kurudi nyumbani."

Basi Mama Kokushubira akapiga simu ofisini kwako kuomba kalibu mpya, kubwa, imara. Wewe unajua, Mheshimiwa, huku kwetu L na R hulala chumba kimoja. Aliyepokea simu akasikia kile ambacho ofisi imezoea kutoa. Lori lilipokuja tulishangilia, tukafungua turubai, tukakuta lile geti. Mama alilitazama, akakaa chini kwenye mchanga. "Niliomba karibu," alisema, "wakaniletea karibu." Sisi tulicheka. Yeye alikuwa analia, nasi tukaona aibu kwa kile kicheko.

MAOMBI

Tunaomba vifaa vya kutengenezea kalibu mpya kabla ya Desemba, wakati kiganja kinachokumbuka tumbo la Ningu bado kiko kazini. Akiondoka kabla ya hapo, Ningu imekwisha, na hapa litabaki geti. Tunatamka taratibu ili Bwana Chenge aandike vizuri: ka-li-bu. L ya limau.

Jukwaa la leo ni la mbao, la kukodi. Juu yake cheza utakavyo.

Ratiba inasema sasa utazindua Ningu mpya kwa kuipanda. Imetoka kwenye kalibu ile ile. Haizami, ila inaegemea kushoto, na waandishi wa habari wamejipanga upande huo. Tunakushauri ukae kulia. Mama Kokushubira, ambaye amepanda kila Ningu siku yake ya kwanza, anaomba radhi. Hii amekataa kuipanda.

Mungu akubariki wewe na msafara wako, akupe upepo wa upole, na akurudishe ufukweni ukiwa umeelewa tulichoomba.

Ni sisi,
Mafundi wa Ningu, Ilemela.

Imesomwa kwa niaba yao na Hellen Masele, mshona matanga.