Benchi Lisilo na Msumari

Benchi limeegemea ukuta wa kinyozi, na kila alasiri hukaliwa na watu watatu walewale: kinyozi mwenyewe, jina la kijiweni Wembe, fundi cherehani wa mlango wa pili, anayeitwa Futi kwa sababu haivui futi yake shingoni, na seremala wanayemwita Kipaza. Shangazi muuza kahawa huweka birika mbele yao. Siku moja wenzake walimwambia Kipaza kwamba hajawahi kumwachia mtu amalize sentensi. Ilimuuma. Yeye, mtu anayesema ya lazima tu! Akaapa kunyamaza mpaka birika liishe. Akiweza, mwezi mzima atasimulia bila kukatizwa. Akishindwa, mwezi mzima atakunywa kahawa kasimama. Shangazi akawa mwamuzi.

— Haya, kimya kianze, — Shangazi akasema.

Kipaza akakunja mikono. Kikombe cha kwanza kikapita salama, cha pili pia.

— Futi ndugu yangu, — Wembe akaanza, kwa sauti tamu mno, — nimeshakusimulia nilivyolitengeneza hili benchi?

Damu ikampanda Kipaza. Benchi hili kalichonga yeye, siku zake za mapumziko, enzi hizo hawa mabwana wakinywa kahawa wamechuchumaa. Hata ahsante hawakumpa!

— Wewe ndiye uliyelitengeneza? — Futi akauliza. — Si tuliliokota?

— Tuliokote wapi? Nilinunua misumari mia mbili. Nikapigilia asubuhi, mchana tukakaa.

— Sasa nakumbuka. Mbao nilizipima mimi, kwa futi hii hii ya suruali.

— Na randa tulikosa, nikalainisha kwa wembe.

— Kipaza alikuwa wapi?

— Alikuja kuomba kukaa.

Kipaza alitoa mguno. Shangazi akainua kidole.

— Mguno si neno, — akaamua. — Endeleeni.

Kipaza alitamani kulia. Mia mbili! Hakuna msumari hata mmoja humu! Alijikaza tu kwa kufikiria ule mwezi mzima wa kusikilizwa. Birikani kulibaki kikombe kimoja.

Hapo akapita mama mmoja mwenye sare ya zahanati, begi begani, akasimama mbele yao. Akalitazama benchi, akaligonga kwa vidole.

— Habari zenu. Hili nani kalitengeneza? Mimi mkunga. Nina wajawazito wanaosubiri wamekaa sakafuni. Nataka sita kama hili.

— Huyo hapo, — Futi akasema upesi, akimwonyesha Wembe. Utani ulishanoga, hakuweza kuuacha.

— Mimi, mama, — Wembe akakubali. — Misumari mia mbili.

Mkunga akainama, akachungulia chini ya ubao, akapapasa kona zote. Akainuka polepole.

— Mbona hakuna hata msumari mmoja? Limeshikana vipi?

Wembe akamtazama Futi. Futi akatazama futi yake.

— Ni ile misumari... ya ndani, — Wembe akasema.

— Basi ngoja nikatafute fundi mwingine, — mkunga akasema, akarekebisha begi, akaanza kuondoka.

Hapo Kipaza akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

— Wewe mama, rudi! Misumari ya ndani ndiyo kitu gani? Hawa hawajui hata kushika patasi! Nimetoboa matundu kwenye ubao, nikachonga ncha za miguu zikaingia zikashiba! Sita nitakupa, na mbao za kuegemea mgongo nitaweka, wajawazito watakaaje bila egemeo? Mia mbili! Washenzi hawa!

— Umesema, — Shangazi akatamka kwa huzuni kidogo. — Na kikombe kimoja kimebaki.

Wembe na Futi wakashangilia, wakapeana mikono. Kipaza akasogea pembeni, akasimama kando ya benchi lake. Mkunga akaandika jina la zahanati kwenye kipande cha karatasi, akampa, akamweleza vipimo. Kisha akawageukia wote watatu.

— Huyu kalichonga, ninyi mmelikalia, na yeye ndiye anasimama. Kosa lake nini?

— Kaongea, — Futi akajibu.

— Kasema uongo?

Wembe akatazama viatu vyake. Shangazi akamimina kikombe cha mwisho, akawapita waliokaa, akampelekea aliyesimama. Kipaza akakinywa taratibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na haja ya kusema kitu.