Mgeni Tuliyempa Ukoo

Sogeeni karibu, wanangu, na aliye mlangoni aingie, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali na sina nguvu ya kusema neno mara mbili. Pauline, fungua dirisha la upande wa mlima. Dominic, usikae hapo mlangoni kama mtu anayengoja gari. Kaa hapa miguuni pangu nikuone. Na wewe Shanice, mjukuu wangu, kaa na hiyo droni yako mapajani, ila betri yake itoe uiweke hapa kitandani, chini ya kiganja changu. Sababu nitaisema. Ni mchana, jua liko juu ya mabati, na mimi Tryphena Mkamburi binti Mwandoe nina akili zangu timamu, ijapokuwa daktari wa Voi aliwaambia mnirudishe Rukanga nife nikiuona mlima Kasigau. Aliyasema hayo akidhani nimelala.

Mepesi niyamalize kwanza. Duka la Voi ni la Pauline, lote, vyombo na mbegu na dawa za mimea, kwa sababu ndiye aliyelifungua kila asubuhi wakati wengine mlikuwa mkilipitia tu kuchukua sukari. Shamba hili la mahindi na pojo ni la Dominic, na asiliuze kipande kwa ajili ya kampeni, maana kura huja na kuondoka lakini ardhi ikienda imekwenda. Droni ya kunyunyizia dawa ni ya Shanice, aliyeisomea, na asitokee mjomba wa kumwambia kwamba msichana harushi ndege. Mbuzi mtagawana wenyewe. Sikuzaa watoto wa kugombania mbuzi, na kama niliwazaa, basi nisubirini niondoke kwanza.

Lililo zito ni la mtu wa pangoni. Shanice unalijua kidogo, na Dominic unalijua nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyokupoteza.

Babu yangu alikuwa mmoja wa watu wa mlima huu waliohamishwa wote na serikali ya mkoloni katika vita vya kwanza, wazee kwa watoto, wakapelekwa mpaka Malindi kwa madai kwamba walimwonyesha Mjerumani njia. Wengi walibaki kule chini ya mchanga. Waliorudi miaka mingi baadaye walikuta viwanja vyao vimekuwa msitu, na hata hawajazoea tena kulala kwao, vita vya pili vikaja, na asubuhi moja ya ukungu ndege ya kivita ikapotea mawinguni ikaupiga mlima. Huo ndio mwaka niliozaliwa. Mama alikuwa akisema ule mshindo ndio ulionitoa tumboni kabla ya siku zangu.

Rubani alikuwa peke yake, kijana, amekufa akiwa ameketi. Babu na baba yangu walisimama mbele yake wakaogopa, na hawakuiogopa maiti. Waliogopa serikali, kwa sababu mwanajeshi wake alikuwa amefia mikononi mwa watu ambao tayari walikuwa wameitwa wasaliti, na nani angeamini kwamba aliyemuua ni ukungu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakamzika wenyewe, kimya, na askari walipokuja kutafuta, kila aliyeulizwa akasema hakuona kitu, na mawingu yakakaa juu ya mlima mpaka wale watu wakachoka wakaenda zao.

Lakini mtu hazikwi akaachwa kama mzoga. Ardhi ilipomaliza kazi yake babu alimfukua, akakitoa kichwa, akakipeleka pangoni kukiweka kwenye mstari wa wazee wetu, kando ya kichwa cha baba yake mwenyewe, kwa maana hivyo ndivyo sisi Wadawida tulivyowatunza wakubwa wetu kabla ya kengele ya kanisa kulia huku. Akajaza kinywa pombe ya miwa, akaipuliza ikawa umande, akakiambia kile kichwa: tumechukua chuma chako, tumekupa ukoo, usiwe na hasira nasi.

Lishikeni hilo neno hasira, wanangu. Wazee wetu walijua kwamba kinachomaliza nyumba ni hasira iliyokaa moyoni, ya mzazi au ya ndugu au ya marehemu, hata kama mwenyewe anacheka na watu. Dawa yake ilikuwa kutasa. Unachukua funda, unaitamka hasira yako, unalipuliza lile funda hewani, na hasira inatoka nalo. Aliyemeza funda lake hajasamehe. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na baba, na ndivyo nilivyofanya kila mwaka pale pangoni tangu kaka yangu Stephen alipokuwa mzee wa kanisa akaikataa kazi hiyo. Mimi pia ni wa kanisa, natumia maji ya miwa matupu. Padri anajua kwamba napanda, na najua kwamba anajua, na tunaonana Jumapili tunasalimiana vizuri.

Sasa chuma. Baba alikata bati la mabawa, akalifua, akatengeneza sufuria na mabakuli, akavibeba kichwani mpaka Maungu na Voi, akaviuza stesheni. Hakukuwa na sufuria nyepesi kama zile, na uji ulichemka kabla mtoto hajaanza kulia. Pauline, hizo rafu zako za vioo na hiyo mashine inayosoma bei kwa taa nyekundu, mama yao ni bawa la ndege ya vita. Alikuwepo mzee mmoja pale Maungu, Katuku, muuza vyungu, aliyetangaza kwamba sufuria za Mwandoe zina mtu ndani, na kwamba mtoto anayekula humo ataota anaanguka. Baba alikufa hasemi naye, na mimi nikaurithi ugomvi kama mtu anavyorithi ng'ombe, nikawapita wajukuu wake barabarani bila salamu. Leo naumaliza. Mwambieni mjukuu wake Kitheka kwamba babu yake alisema kweli.

Maana tuliota, sote tuliokula humo. Uko katika weupe, hakuna juu wala chini, masikio yamejaa mlio, kisha weupe unapasuka na mlima uko mbele yako, mweusi, karibu mno, na hapo unaamka. Dominic, wewe ulikuwa ukilia nayo ukiwa mdogo, nikakulaza kifuani. Shanice, usiniambie hujaiota. Sufuria ya mwisho bado iko jikoni kwetu na uji wako ulipikwa humo. Maisha yangu yote nimeamka kabla ya kufika. Juzi sikuamka, na nitawaambia nilichokikuta, lakini kwanza droni.

Viwavijeshi vilipoingia kwenye mahindi, Shanice akaleta hiyo ndege yake ya mabawa yanayozunguka, watu wote wa Rukanga wakaja kutazama. Ilifanya kazi safi. Lakini jioni, akiwa ameitia maji matupu kusafisha tangi, alipoiita irudi haikurudi. Ilipanda mlima, ikasimama mbele ya pango, ikakaa huko mpaka betri karibu iishe, ndipo ikateremka na tangi likiwa tupu. Ikawa kila ikisafishwa inakwenda. Fundi alikuja kutoka Nairobi, akabadilisha dira yake, haikusaidia, na Shanice akalia akidhani ameharibu mali ya watu. Mimi sikulia. Miguu yangu ilikuwa imeukataa mlima tangu masika yaliyopita, mgeni wetu hakuwa amepuliziwa kitu, na Shanice nilipomtuma akachungulie pangoni alirudi akaniambia vichwa vyote vina unyevu, kimoja kimoja kwa mstari, na sakafu ni kavu. Nikasema, basi amejipatia njia yake, na nikalala vizuri.

Tangu Alhamisi, ndege hiyo haipandi tena mlimani. Inakuja hapa uani, inasimama juu ya gari la Dominic, lile lenye picha yake mlangoni anacheka. Shanice anasema ni sumaku ya vile vipaza sauti. Ni mtoto mzuri, anatafuta jibu la kumlinda mjomba wake.

Dominic, usimwangalie dada yako. Niangalie mimi. Kichwa cha mgeni wetu kiko ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia ya duka letu, nyuma ya kiti cha dereva, chini ya fulana za kampeni. Sikuambiwa na mtu. Nakisikia kikivuma nikilala, na nyumba hii yote inakisikia, ndiyo maana mbwa hawalali uani siku hizi na nyinyi mnaongea kwa sauti ya juu bila kujua kwa nini. Umewaahidi watu wa wadi kwamba Jumamosi, kwenye uwanja wa Rukanga, utamkabidhi shujaa kwa wageni wa ng'ambo, bendi ipige, na wageni wachimbe kisima. Unataka kiti cha uwakilishi, na si vibaya kukitaka. Wala sikatai mtu yule aende kwao. Alikuwa na mama, na nimemfikiria mama huyo mara nyingi kuliko nilivyomfikiria mama yangu. Lakini hukumuuliza. Hukumpulizia hata tone. Ulimbeba kama kuku wa kuuzwa sokoni, yeye ambaye mabawa yake yalikulisha, ukalipiwa nayo karo, ukavaa viatu.

Nimekukasirikia, mwanangu. Nalisema wazi kwa sababu sina muda wa kulipamba. Nimekukasirikia kiasi kwamba mkono ulionilisha jana nilitaka kuung'ata, na wewe ndiye kifungua mimba wangu, na naogopa kufa nikiwa na hali hii kuliko ninavyoogopa kufa kwenyewe.

Niliyoyakuta juzi ni haya. Weupe ulipasuka, mlima ukaja, na nikafika. Haikuuma. Kulikuwa na majani yenye maji, na mtu akanipokea, mikono myembamba ya kijana, baridi. Nilitaka kumshukuru, nikainua macho, na juu ya kola yake hapakuwa na kitu. Alikuwa akipapasa. Alinipapasa nywele, akanipapasa mashavu polepole kama kipofu anayetambua ndugu, mikono ikateremka mpaka shingoni ikasimama hapo, ikapima. Ndipo nikaamka, na alama yake iko hapa. Pauline ameiona akiniogesha, akadhani ni ya nguo. Mimi ni mzee, shingo hii haina thamani kubwa. Lakini nikishaondoka atapima ya nani? Sote tumekula kwenye sufuria ile.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijashika mgongo wa mlima, Dominic utapanda na Shanice. Utakitoa kwenye katoni, utakifunga kwa leso yangu hii, utakibeba mbele ya kifua kwa mikono miwili, na hutakiweka chini njiani hata ukichoka. Utakirudisha mahali pake kando ya wazee, na ile sufuria ya mwisho iachwe pale mbele yake, isipikiwe mtu tena. Kazi ya kumpulizia tangu leo ni ya Shanice. Jumamosi utasimama mbele ya watu useme umekosea, mgeni hayupo, na wakikunyima kura, utalima. Ndugu zake wa kweli wakija siku moja na jina lake, wapandisheni pangoni mchana, wamwite wenyewe kwa lugha yao, na Shanice aruke na ndege yake. Ikibaki shambani siku hiyo, amekubali kwenda. Mwacheni aende na mumlilie, ni wenu. Mimi nizikeni kanisani, mzima, na asinichimbue mtu. Nimekaa na wale wa pangoni miaka ya kutosha.

Nyamazeni kidogo.

Shanice, umeizima? Naam, betri hii hapa, naishika, ni baridi. Basi huo mlio ulioko juu ya mabati ni wa nini? Usitoke kuangalia. Dominic, kaa. Wote mkae. Mgeni wetu anajua nyumba, hajui chumba.

Pauline, kile kikombe cha maji ya muwa. Shika wewe, mkono wangu umelegea. Niwabariki sasa, maana nikishajaza kinywa sitasema tena. Mvua iwakute mmepanda. Duka liwe na watu. Mkikosana, mtapike maneno siku hiyohiyo, msilale nayo. Watoto wenu wale washibe, na mlale, wanangu, mlale bila kuanguka.

Dominic, leta kichwa chako hapa. Inama. Zaidi. Nitachukua funda na nitakupulizia. Likikugusa, hasira imetoka, nenda mlimani mwepesi. Pumzi ni chache... Pauline, nishike taya. Mkiniona nimemeza, jueni ni mwili tu, moyo ulikuwa tayari. Ila sijui kama huko wanatofautisha.

Mlio umeshuka. Uko dirishani. Inama, baba, usigeuke.

Lete kikombe.