Historia ya Damaris Borz, Mwimbaji wa "Umenikuta Jikoni"

Mchungaji, wazazi wetu, shemeji yangu Cornel, majirani wa Salonta na ninyi mliosafiri kutoka mbali, mimi ni Eliezer Ghilea, kaka wa marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yangu, nami nitasoma kama nilivyoandika, ila mniwie radhi nikikwama, kwa sababu Jumamosi iliyopita, saa kama hizi, nilisimama hapa hapa kuwakaribisha kwenye uzinduzi wa albamu yake, wengi wenu mlikaa kwenye viti hivyo hivyo, na maua haya mnayoyaona ni ya siku ile, hayajanyauka.

Damaris alizaliwa tarehe 9 Machi 1988 katika kijiji cha Tulca, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Iosif Ghilea, mkulima wa matikiti na kiongozi wa bendi ya tarumbeta ya kanisa letu kwa miaka thelathini na minane, na mama Saveta, alizaliwa nyumbani kwa sababu theluji ilikuwa imefunga barabara, na mama husimulia kwamba alilia kwa sauti kubwa hata baba, aliyekuwa chumba cha pili akifanya mazoezi, akashusha tarumbeta na kusema, "Huyu ana pumzi."

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1995 hadi 2003, kisha sekondari hapa Salonta hadi Juni 2007, baba alimfundisha kusoma noti kabla hajajua kusoma vizuri herufi, na alipofika miaka kumi na miwili alikuwa msichana pekee katika bendi, lakini alipokuwa sekondari aliazima gitaa la binamu yetu kwa wiki moja, hakulirudisha mpaka leo, na binamu mwenyewe yupo hapa, anajua.

Septemba 2007 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, idara ya kushona ngozi za juu, akafanya kazi kwenye mashine ile ile hadi Jumanne ya wiki hii, na nyimbo zake karibu zote aliziandika pale, kwenye vipande vya kadibodi, wakati wa mapumziko, na bibi Rozalia, aliyekaa mashine ya jirani, alikuwa akiwaonya wafagizi, "Kadibodi ya Damaris msiitupe, mtamtupa Mungu kwenye pipa."

Tarehe 18 Juni 2011 alifunga ndoa na Cornel Borz, dereva wa malori ya masafa marefu, wakajaliwa binti, Tabita, tarehe 2 Oktoba 2013, na mtoto wa kiume, Natan, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 2017 na kuishi siku mbili, na baada ya hapo dada yangu, ambaye hata nguo alizianika akiimba, alinyamaza kwa karibu mwaka mzima, kanisani alikuwa anasimama na kitabu kimefungwa, sisi tukaogopa kumuuliza, hadi asubuhi moja ya Januari, akimenya karoti za supu, alipoweka kisu chini na kumwambia Tabita, "Niletee kalamu, upesi, kabla haijaondoka," ndipo akaandika maneno mnayoyajua,

"Sikuja nyumbani mwako, sikuwa na miguu,
umenikuta jikoni, na mikono yenye udongo."

Wimbo huo aliuimba hapa kanisani siku ya Krismasi mwaka 2018, na gitaa la umeme na ngoma, na ubeti wa pili ulipoanza baba alisimama, akatoka, na familia imekubali niseme hili kwa sababu nyote mliona, dada alimfuata hadi getini na kumuuliza, "Baba, umeusikia wimbo?"

"Nimesikia ngoma."

"Na maneno je?"

"Ngoma imeyala."

Tangu siku hiyo walikula pamoja kila Jumapili, walicheka, walipanda matikiti bega kwa bega, lakini habari ya nyimbo haikutajwa mezani kwa karibu miaka mitano, mpaka Septemba 2023, Damaris alipoamua kurekodi albamu, akamwendea baba shambani kumwomba apige tarumbeta katika wimbo wa tano, baba akamjibu bila kuinua kichwa, "Una mashine zako, ziambie zikupulizie," naye akacheka, akasema, "Mashine hazina mapafu, baba," akaondoka, na aliponisimulia hakuwa anacheka tena.

Albamu ilirekodiwa ndani ya ukumbi huu kuanzia Oktoba hadi Februari, tukiwa tumetundika mablanketi madirishani ili malori yasisikike, waimbaji wakiwa wafanyakazi wenzake wa kiwandani na akina mama wa kwaya, ikazinduliwa Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, watu wakajaa hadi ngazini, na baba hakuja, alisema matikiti yanahitaji maji, ingawa siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri.

Ndugu zangu, hapa ndipo huandikwa habari za ugonjwa, nami sina cha kuandika, kwa sababu dada yangu hakuugua, Jumatatu alipika, alifua, alinipigia simu kunitania kwamba kwenye uzinduzi nilitangaza jina lake nikitetemeka kama bwana harusi, na Jumanne tarehe 14 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa kwenye mashine yake, alimwambia bibi Rozalia, "Rozi, hebu nishikie huu mkasi," akampa, akalaza kichwa juu ya ngozi, wenzake wakadhani anapumzika.

Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani, alichukuliwa kwa helikopta hadi hospitali ya Oradea, nami nikaenda kumchukua baba shambani, na nilipowasha gari sauti ya Damaris ikatoka kwenye redio, kwa sababu diski yake ilikuwa humo tangu Jumamosi, nikanyoosha mkono kuizima, baba akaushika mkono wangu, akasema, "Acha," akasikiliza barabara nzima, kofia magotini, hadi wimbo wa tano, ambapo katikati sauti zote zinanyamaza, linabaki gitaa moja linatembea taratibu, kama linamsubiri mtu.

"Hapa pana nini?" akauliza.

"Ni pale alipotaka tarumbeta yako, baba. Walimwambia aweke kinanda, akakataa."

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha, mara nne, na mara ya nne baba alikuwa anaimba sehemu ya tarumbeta kwa mdomo, kwa sauti ndogo, ikikaa kwenye nafasi ile kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake, na tulipofika hospitali alimwinamia Damaris, kati ya zile nyaya, akamwimbia sehemu ile sikioni, akamwambia, "Ni hivi ulitaka? Niambie kama ni hivi," na mashine ziliendelea kama zilivyokuwa, hakufungua macho, hakubana mkono, nasema hivi kwa sababu watu wameanza kusimulia kwamba alitabasamu, hakutabasamu, alifariki Jumatano tarehe 15 Mei, saa kumi na dakika arobaini jioni, akiwa na miaka thelathini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana hadi mwisho, wafanyakazi wenzake waliozima mashine zote kwa ajili yake, majirani mliopika kabichi na kuoka mikate, na kanisa, na mzee Iosif ameniomba niseme kwamba leo hatapiga tarumbeta, mtaelewa, midomo haishiki.

Jambo la mwisho, simu ya Damaris iko hai, Tabita ndiye anayeichaji, na ujumbe bado unaingia kutoka kwa watu waliosikia albamu na hawajui, jana ameandika mama mmoja wa Zalău, aliyempoteza mtoto mwezi Machi, "Dada Damaris, leo nimeimba kwa mara ya kwanza, nilikuwa jikoni, utakuja lini kwetu nikukumbatie?" na sisi tulikaa mezani, watu wazima sita, tukaitazama ile simu, hadi Tabita alipoivuta kwake, akaandika, "Mimi ni binti yake. Mama hataweza kuja. Endelea kuimba, tafadhali."

Damaris, mdogo wangu, pumzika, amani ya Bwana iwe nawe.