Imejaa Lini?

Asubuhi ya uchaguzi, Ghalia alipanda basi la kwenda Barking, mashariki mwa London, akakaa nyuma ya majirani wawili Wapemba waliokuwa wakibishana. Mzee Hamad alishikilia kwamba atawapigia kura wanaotaka kuwafungia wageni mlango. "Nchi imejaa," alisema, ndani ya basi lenye viti vitupu. "Imejaa lini?" Bi Mwanamwema alimcheka. "Ulipokwisha kuingia wewe, mkimbizi?" "Mimi nilifuata sheria." "Na sheria hiyo ndiyo watakayoifuta. Mwanao aliyeko Wete atapita wapi?"

Hamad akageukia dirishani. Ghalia, ambaye mama yake alikuwa akisubiri viza mwaka wa tatu, alimsonya kwa sauti. Basi likasimama mbele ya skuli iliyokuwa kituo cha kupigia kura. Hamad akashuka wa kwanza, kitambulisho mkononi.